Neno Kabla ya Kahawa

Mwanangu Nasir,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi ulikuwa ukipiga chafya, mchana umekula wali juu juu na samaki hukumgusa, na sasa umekwenda kumuaga ami yako Said, ambaye hajui kumwachia mtu aende zake, kwa hiyo hamtaachana kabla ya Isha. Nyumba ni yangu peke yangu. Jua bado liko kwenye ukuta wa jirani. Nimevuta kiti cha baba yako karibu na dirisha nikaona nikuandikie, kwa sababu haya ninayotaka kukwambia, nikiyasema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umechukua soksi.

Habari za soksi basi nimeziacha. Za kupika nimeziacha, za pasi nimeziacha, na kwamba barabarani utazame ngamia, hilo unalijua tangu ulipokuwa unanyonya. Nizwa si mwisho wa dunia. Nataka kukujibu swali lako la Ijumaa.

Ulinifuata jikoni na sahani mkononi ukaniuliza, "Mama, baba angetaka nifanye nini?" Nikafungua bomba nikajifanya maji yana kelele. Nilisikia, mwanangu. Ila sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina jibu kamili. Nina mambo niliyoyaona tu, nayo nitakupa kama nilivyoyaona.

Najua kwa nini uliuliza. Siku mbili kabla yake Bwana Hamed na wazee wenzake wa mtaa wetu walikuja wakakaa sebuleni, wakala haluwa, wakanywa kahawa, kisha wakasema walilolijia. Uchaguzi unakaribia. Kiti kile cha Majlisi kule Maskati, ambako kila wilaya hupeleka mtu wake aisemee mbele ya mawaziri, tangu baba yako alipokiacha amekikalia mtu wa mtaa mwingine, nao wanakitaka kirudi. Wamekuona wewe. Umesoma, jina unalo, na kazi uliyopata ni ya benki kama aliyoanza nayo marehemu. Lakini wanataka usiende Nizwa. Ukae hapa Ibra, uonekane kwenye harusi na kwenye misiba, mpaka wakati ufike. Nilikuwa nyuma ya mlango nikamsikia Bwana Hamed akisema, "Benki haikimbii, mwanangu. Mtoto wa Seif ni Seif." Wakakwambia wanangoja jibu lako kabla hujaondoka.

Walipotoka ukaja kwangu unacheka. Ukasema, "Nitawaambia inshallah, Mama, halafu nitapanda gari."

Ulisema kwa mzaha. Lakini nilikutazama nikajua kwamba ndivyo utakavyofanya, na kwamba Bwana Hamed atabaki na inshallah yako mfukoni, anaitembeza mtaa mzima, mpaka mwaka wa uchaguzi. Neno hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi, kwa sababu neno hilo nalijua. Limekaa humu nyumbani miaka minane.

Baba yako uliyemjua wewe ni mtu wa simu mbili na viatu vya wageni mlangoni. Nataka kukupa yule wa kabla yake.

Alikuja Oman kijana, mtoto wa Malindi ya Unguja, na Kiingereza kizuri cha shule, na Kiarabu alichokipata chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Kiingereza kikampatia kazi ya dirishani katika benki moja Sur. Kiarabu chake kilikuwa na taabu. Akienda kununua nyanya sokoni watu walikuwa wakinyamaza, wakidhani anatoa hotuba. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mamangu mtu wa Wete ndiye aliyenipa Kiswahili hiki, lakini nililelewa hapa Ibra na bibi mzaa baba, ambaye hakuvuka bahari hata siku moja, na alikuwa akituona sisi tuliotoka huko kama watoto tuliorudi na matope miguuni. Yeye ndiye aliyenifunza mtu anavyopokewa, anavyokaa, anavyotikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini adabu za hapa nilizimaliza zote.

Tulipooana tukakaa Sur, kisha wakampeleka Nizwa, kisha wakamleta hapa Ibra kuwa meneja. Siku ya kwanza ya umeneja alivaa kofia aliyoshona mamake, nyuzi zake zimeshafifia, na mimi nikamwambia avae mpya. Akasema, "Kichwa ndicho kipya leo, bibi. Kofia iache."

Nilikuwa nikidhani kazi ya meneja wa benki ni kuwapa watu fedha. Akaniambia kazi yake kubwa ni kusema hapana. Watu walikuja kutaka mkopo wa gari, wa nyumba, wa mahari, wa kuchimba kisima pasipo na maji. Meneja aliyekuwapo kabla yake alikuwa na neno lake moja, njoo wiki ijayo, na watu walikuwa wakija wiki ijayo, na ile inayofuata, wengine kutoka vijiji vya ng'ambo ya wadi, bonde lile la mto mkavu, mpaka wachoke wenyewe. Baba yako alikuwa akimkalisha mtu, akimwagizia chai, akimwambia pale pale: ami yangu, hapana, na sababu yake ni hii. Kisha anamweleza mpaka aelewe.

Mimi nikiona haya. Nilikuwa nikienda harusini nakaa pembeni, kwa sababu humo ukumbini walikuwamo wake wa wanaume walionyimwa. Siku moja nilimwambia, huoni haya? Akafikiri, kisha akanijibu, "Haya ni kumleta mzee njia yote ile kila wiki kwa jambo ninalolijua tangu wiki ya kwanza."

Nilimwona mgumu. Sasa simwoni hivyo, lakini wakati ule ndivyo nilivyomwona.

Wazee walipokuja kumtaka agombee, Bwana Hamed akiwa mmoja wao na ndevu zake bado nyeusi, mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwambia nusu ya wilaya umewanyima mikopo na nusu ya pili ni ndugu zao, nani atakupa kura? Na juu ya hayo wewe ni mtu wa Zinjibari, watasema Kiarabu chako kina chumvi ya bahari. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka kujua. Hilo ndilo nililomwona nalo baba yako tangu ujana mpaka kufa, alikuwa mtu wa kutaka kujua. Alisema, nimewasikiliza watu hawa mmoja mmoja kwenye kiti changu miaka yote, nataka kuona itakuwaje nikiwasikiliza wote pamoja.

Sasa sikiliza yaliyotokea barazani kwa Bwana Mbarak, kwenye sabla yake. Kipande chake umekisikia kwa ami yako, lakini ami yako huongeza.

Bwana Mbarak ni yule mfuga ngamia wa kijiji cha ng'ambo ya wadi. Alikuwa amemwomba baba yako mkopo wa lori, akanyimwa. Kijiji kile kilikuwa na kura nyingi, na baba yako akaona aanze huko, penye ugumu. Wakaenda yeye na ami yako Said, wakaingia sabla, wanaume wamejaa ukutani, wakapeana mikono na wote, wakakaa.

Unajua kinachofuata. Mwenye sabla humwuliza mgeni, "Shei ulum?" Yaani, kuna habari gani. Na mgeni, hata kama nyumba yake inaungua, hujibu hakuna habari ila za kheri. Huulizwa tena kwa namna nyingine, hujibu hivyo hivyo. Kisha huja tende, huja kahawa, vikombe vikazunguka, na baada ya hapo ndipo mtu hutoa lililomleta, polepole, kana kwamba amelikumbuka sasa hivi. Wewe umezaliwa humo, huoni ajabu yake. Baba yako alikuwa amekaa Oman miaka mingi, lakini alikuwa mtu wa ofisini. Watu walikuwa wakienda kwake. Yeye hakuwa akienda kwa watu.

Bwana Mbarak akamwuliza habari. Baba yako akamjibu.

Akamwambia habari ipo, nimekuja kukuombeni kura. Na kwa kuwa unaniuliza, Bwana Mbarak, ule mkopo wa lori niliokunyima, ukija kesho nitakunyima tena, kwa hiyo usinipe kura yako kwa kutumaini lori.

Ami yako anasema mtu wa kahawa alisimama katikati na dele yake mkononi, hajui amimine au arudi. Kisha Bwana Mbarak akamgeukia jirani yake akasema, "Huyu ametapika kabla ya kula." Sabla nzima ikaangua kicheko, na kahawa ikaja.

Ami yako alifika hapa nyumbani uso umemsawijika. Aliniambia yote pale mlangoni, hajavua hata viatu. Kwanza nikacheka, kisha nikaona haya, haya za bibi yangu, kana kwamba amefufuka ananiuliza umeolewa na nani. Nikamkalisha baba yako hapa hapa ninapoandika. Nikachukua vikombe vitupu na birika tupu. Nikawa mimi ndiye sheikh.

"Shei ulum?"

"Ndiyo, mke wangu amenikasirikia."

"Seif!"

"Hakuna habari."

"Ila?"

"Ila za kheri."

Tulifanya hivyo mpaka tukachoka kucheka. Akawa anatikisa kikombe kitupu kwa adabu hata bibi yangu angempenda. Alijifunza upesi sana. Akaenda sabla nyingine zote akiwa mtu aliyekamilika, hakuna aliyemcheka tena. Nami nikawa najisifu moyoni kwamba kazi ile nimeifanya mimi.

Akachaguliwa. Na hapa ndipo panaponishangaza mpaka leo, kwa sababu hesabu zilipotoka, kijiji cha Bwana Mbarak kilimpa zaidi kuliko mtaa wetu wenyewe. Hatukuelewa. Ami yako akasema labda walimwonea huruma.

Miaka ile minane ya Majlisi, miaka minne na kisha minne tena, wewe uliiona kwa macho ya utoto, uliona viatu mlangoni na sinia za wali. Mimi niliona jambo jingine. Niliona neno hapana linamtoka baba yako kidogo kidogo, kama rangi ya ile kofia. Benki alikuwa na mtu mmoja mbele yake na sababu mkononi. Majlisi alikuwa na watu wote mbele yake, na sababu ziko kwa wengine, kwenye wizara, kwenye foleni ya mambo ya nchi nzima. Mtu akija kumwambia mwanawe hana kazi, utamwambia hapana gani? Akamwambia inshallah. Mwanzo alikuwa akiisema kwa kukusudia, na kesho yake anapiga simu. Baadaye akawa anaisema kama mtu anavyosema marahaba.

Sikwambii haya kuonyesha kwamba alikuwa mbaya. Maji ya mtaa wa juu yalikuja kwa mkono wake. Zahanati ile iliyokuwa haina daktari wa wanawake, ilipata. Alikuwa akiondoka hapa alfajiri na kurudi usiku na koo limekauka, na hakuna siku aliyotumia gari la watu kwenda shughuli yake. Nakwambia tu nilivyoona. Nami nilikuwa nikijiuliza wakati ule ule, je, huyu mtu anaipenda kazi hii? Sikumwuliza. Badala yake nilikuwa nikimtazama barabarani. Kila tukipita mbele ya benki yake ya zamani alikuwa akipunguza mwendo. Na kila tukipita pale wadi, ambapo kijiji cha Bwana Mbarak kinaonekana kwa ng'ambo, alikuwa akiongeza.

Kijiji kile kilikuwa kimemwomba jambo moja tu, daraja. Mvua ikinyesha milimani wadi hujaa, na wao hubaki upande wao siku nzima au mbili, mgonjwa na mzazi na mwanafunzi. Kila mara aliwaambia inshallah. Mimi pia niliwaambia. Mke wa Bwana Mbarak, Bi Shamsa, alikuwa akiuza nguo na ubani kwenye soko la wanawake la Jumatano, na kila nikipita alikuwa akiniuliza, "Mama Nasir, daraja letu hajambo?" Kama anayeuliza mtoto. Namwambia inshallah, Bi Shamsa. Mwishowe nikawa nazunguka kwa upande wa vyombo ili nisipite kwake. Mimi, niliyekuwa nikimwona baba yako mgumu wa moyo kwa kuwaambia watu hapana machoni, nikawa namkimbia mwanamke kati ya masufuria.

Ni yeye huyo Bi Shamsa aliyenipa habari.

Ilikuwa mwaka wa mwisho wa muda wa pili. Alinikuta nimeinamia bakuli, akanishika mkono, hakuuliza daraja. Aliniuliza, "Mzee anaendeleaje?" Nikamwambia hajambo. Akanitazama, kisha akasema binti yake kamwona hospitali Nizwa, si mara moja, na amekonda. Mimi nilikuwa nikidhani Nizwa kuna mikutano.

Nilirudi nyumbani nikamngoja. Akaingia, akavua kofia, akakaa. Nikamwuliza, habari za Nizwa? Akasema hakuna habari ila za kheri. Nikamwuliza tena, kwa namna nyingine, kama wanavyouliza. Akajibu vile vile. Na mara ya tatu nikamwita jina lake, nikamwambia Bi Shamsa kanieleza. Akaangalia mikono yake. Kisha akatabasamu, baba yako, lile tabasamu lake la upande mmoja.

"Nani aliyenifundisha?" akasema.

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu aliyegundua kitu kizuri cha kuchekesha. Lakini mimi nimekibeba tangu siku hiyo, nakigeuza huku na huku. Je, ni mimi? Niliyemfunza kusema hakuna habari kwa wageni, ningejuaje kwamba ataileta ndani? Au alikuwa nayo tangu Malindi, na mimi nilimpa maneno tu? Bibi yangu aliishi na neno lile miaka themanini na halikumdhuru. Labda kwa sababu yeye alijua mwisho wake uko wapi. Kwa bibi, kahawa ikishamalizika, habari hutoka. Sisi tukawa watu ambao kahawa yao haimaliziki.

Baada ya hapo akabadilika, au akarudi. Hakugombea tena. Watu wakawa wanakuja bado, kwa mazoea, naye anawapokea amejifunika blanketi, na akaanza tena kusema hapana. Nilikuwa nikisikia kutoka jikoni. Hapana, ami yangu, hilo halitakuwa. Hapana, sikuwahi kuliuliza, nilisahau, nisamehe. Nikadhani hawatakuja tena. Wakazidi.

Siku moja akaniambia nimwite Bwana Mbarak. Mzee akaja na mwanawe, wakakaa. Mlango ulikuwa wazi nikaona. Safari hii baba yako ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo ndiye anayeuliza. Hakuuliza. Alimwambia, "Bwana Mbarak, daraja lilikataliwa tangu mwaka wangu wa pili. Siku zote nilijua. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Nikashika kahawa mkononi kama yule mtu wa sabla, sijui niingie au nirudi. Kisha mzee akasema, "Tungejua, tungehamisha shule upande wetu." Ni hilo tu. Hakupandisha sauti. Na hilo, mwanangu, ndilo neno zito kuliko yote niliyowahi kuyasikia ndani ya nyumba hii. Hakukasirikia daraja. Alikasirikia ile miaka waliyokaa wakitazama maji.

Kisha akanyosha mkono kuchukua kikombe, akanywa, akaomba cha pili. Wakaanza kuongea habari za ngamia. Alipokuwa anatoka akapita kwangu mlangoni akasema bila ya kunitazama, kwa adabu yake, "Unajua kwa nini tulimpa kura siku zile? Alituambia neno kabla ya kahawa. Tukasema huyu hatatuchosha."

Basi nikapata jibu la miaka mingi, nikalipata limechelewa. Walimchagua kwa kosa lile tulilolicheka. Na mimi jioni ile ile ya kosa nikamwondolea, kwa vikombe vitupu.

Wiki mbili kabla hajalala moja kwa moja alimwomba ami yako ampitishe kule wadi. Nilikuwa nyuma ya gari. Walipofika pale, akamwambia Said, punguza mwendo. Tukapita taratibu sana, kijiji kinaonekana chote, mitende yake na tangi la maji, na baba yako akakitazama mpaka kikaisha.

Siku ya kuzikwa kwake ulikuwa mbele pamoja na ami yako, kwa hiyo labda hukuona nyuma. Watu wa kijiji kile walikuja wote. Bi Shamsa alikaa nami siku tatu za matanga, akawa ananilazimisha kula tende kama mtoto.

Sasa swali lako. Baba angetaka ufanye nini? Mwanangu, sijui. Miezi ile yote nilikuwa naye nikamwuliza kama anataka mto, kama anataka maji, kama dirisha lifungwe. Hilo sikumwuliza, na lilikuwa la bure kuuliza. Kupunguza mwendo mbele ya benki si wasia. Naye aliwahi kuniambia, katika siku zile za blanketi, kwamba mwaka wake mzuri kuliko yote ulikuwa mwaka wa kwanza wa Majlisi, alipokuwa hajui kitu. Kwa hiyo hata mimi niliyedhani namjua, alinishangaza. Ukiniuliza kama alifurahi zaidi benki au Majlisi, nitakwambia nilimwona anafurahi kila alipoweza kumtazama mtu usoni, na huzuni yake ilikuwa pale aliposhindwa. Kiti hakikuwa na tofauti kubwa.

Bwana Hamed amesema mtoto wa Seif ni Seif. Nampenda Bwana Hamed, lakini hilo si kweli. Wewe unakula pilipili, yeye hakuweza. Wewe huwezi kukaa na watu zaidi ya saa moja bila ya kutafuta mlango, yeye alikuwa akiwasindikiza wageni mpaka barabarani ili waendelee kuongea. Huenda ukawa mjumbe mzuri kwa sababu hizo hizo. Huenda usiwe. Mimi ningependa kuona, kama jirani anavyopenda kuona nyumba ya mwenzake itapakwa rangi gani, lakini nyumba ni yako. Ukienda Nizwa nitalia kidogo kisha nitaanua nguo. Ukibaki Ibra nitafurahi, kisha baada ya mwezi nitakuchoka.

Ninaloomba ni moja tu, nalo liko mikononi mwako kesho. Usiwaachie wazee inshallah.

Kesho kabla ya kushika njia pita sabla ya Bwana Hamed. Wanakuwapo tangu alfajiri, unawajua. Utapeana mikono na wote kuanzia kulia, utakaa, na Bwana Hamed atakuuliza, "Shei ulum?" Mimi, mjukuu wa bibi yangu, niliyemfunza baba yako adabu, nakwambia: mjibu. Kama ni ndiyo, mwambie ndiyo, na ushushe mizigo. Kama ni hapana, mwambie, ami yangu, hapana, na sababu ni hii. Watanyamaza. Yule wa kahawa atasimama katikati. Usiogope ukimya huo, baba yako aliupita akiwa na kura za kijiji kizima za kupoteza. Kisha subiri vikombe vije, unywe, na utikise kikombe chako pale tu utakapokuwa umetosheka kweli.

Na kama hujui bado, hilo nalo ni habari. Waambie hujui, na waambie lini utajua, na siku hiyo urudi uwaambie mwenyewe.

Habari za hapa hukimbia kuliko gari. Kabla hujafika Sinau, nusu ya njia, nitakuwa nimeshapigiwa simu na wanawake wanne, kila mmoja na jibu lako tofauti. Sitampokea hata mmoja. Nipigie wewe. Nitakuuliza habari, kama ninavyouliza siku zote, na safari hii nitakaa chini kwanza, nisikilize jibu.

Mamako,
Zuwena